Chai Isiyotoa Mvuke

Wageni wangu huwa wanadhani mkaa umeniishia. Mtu anatoka stendi, jua la Same limempiga mpaka kichwa kinamgonga, anakaa kwenye kiti changu cha kamba, nami namletea jagi la kioo lenye chai baridi na vipande vya ndimu vinaelea juu. Anaitazama glasi, kisha ananitazama mimi. Wenye adabu hunywa wakashukuru. Wengine, hasa wanaoshuka kutoka milimani kwetu, huniuliza kwa sauti ya huruma kama wanisaidie kuwasha jiko. Zamani nilikuwa nawaeleza. Siku hizi nimechoka, nawaambia kunyweni au acheni, maji yako kwenye mtungi pale mlangoni.

Chai hiyo haichemshwi. Ndani ya jagi kuna kibomba cha bati jeupe chenye matundu madogo madogo, kimening'inia kutoka kwenye mfuniko mpaka karibu na kitako. Majani ya chai unayatia humo, maji yaliyochemka yakapoa unayajaza jagini, unafunika, unaacha. Unaacha kweli. Hukorogi, hutikisi, wala huendi kuchungulia kila mara kama mtu anayengoja kuku aangue. Rangi hujitokea yenyewe. Sukari unaiyeyusha pembeni kwa maji ya moto kidogo, maana ukiitia kwenye baridi inazama na kulala chini. Barafu sina, nami sikuizoea. Jagi nalifunga kwa gunia la katani lililoloweshwa, nalitundika kivulini pale upepo unapopita, na upepo wa Same, mnaujua, haujawahi kuwa na likizo. Ukilitoa humo, kioo kinatoa jasho.

Haya yote alinifundisha baba, na baba mwenyewe aliidharau chai hiyo kwa miaka mingi kuliko aliyoiheshimu. Aliiita maji ya kuoshea vikombe.

Baba hakuwa Mpare. Kwao ni Kigoma, na alikuja huku kwa treni akiwa kijana, pamoja na wenzake waliochukuliwa kwa mkataba kukata mkonge. Mkonge ulimchoma jicho mwaka wake wa kwanza, wakamtoa shambani, wakamweka jikoni kwa meneja Mzungu kuosha sufuria. Jicho likapona, jikoni hakutoka. Alijifunza mikate, alijifunza supu, alijifunza na hiyo chai ya jagi, ambayo bibi wa meneja aliinywa mchana kutwa barazani na barafu ya friji la mafuta ya taa. Bibi huyo alikuwa na Kiswahili cha maneno machache na moja ya sentensi zake ilikuwa hii: "Mpishi, umechelewa. Wageni wamekaa tangu asubuhi." Aliisema hata kama wageni wameshuka garini dakika hiyohiyo. Baba alirudi nayo nyumbani kama mtu anavyorudi na nyama. Siku za Jumapili baba alipopika yeye, mama akingoja chakula alikaa wima kwenye kigoda, akainua kidevu, akasema, "Mpishi, umechelewa," na baba akainama na kitambaa begani. Tulicheka hadi tukashika mbavu, kila Jumapili, kichekesho kilekile.

Mama alikuwa wa Chome, juu kabisa, karibu na msitu, ambako ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Alikuwa akishuka na wenzake kuuza mboga na ndizi kwenye kambi ya wakata mkonge, na huko ndiko alikokutana na baba. Kwao hawakufurahi. Binti wa familia ya Kilutheri, baba yake mzee wa usharika, anaolewa na mtu wa kuja, hana mlima, hana ukoo unaojulikana, hana hata mjomba wa kumpelekea posa. Baba aliazima wazee kambini, mmoja wa Songea na mmoja wa Tabora, wakavaa makoti nayo ya kuazima, wakapanda mlima kwa miguu wakihema.

Huko juu wakapewa chai. Hapa lazima nieleze, maana bila hili mtu hataelewa lolote. Kwa akina mama yangu, chai haipoi. Mgeni anaandaliwa chai iliyotoka motoni sasa hivi, ya maziwa, inatoa mvuke, na mwenyeji anakaa kumtazama mpaka apige funda la kwanza. Ukimpa mgeni chai iliyopoa umemwambia aende zake. Na mgeni akiiacha ipoe amesema jambo baya zaidi, kwamba nyumba hii haimpendezi. Ni mahali pa baridi, mnielewe, moto ndio upendo wenyewe. Kaka mkubwa wa mama, mjomba wangu, alikuwa na sifa kijiji kizima kwa kunywa chai ikiwa bado inatokota kikombeni. Hakupuliza. Alivuta mara moja, akameza, macho makavu, akaomba nyingine.

Baba siku ile aliunguza ulimi, akaanza kupuliza. Mjomba akamwangalia, akamwuliza mbele ya watu wote, "Bwana, unapuliza chai au unazima moto?" Wakacheka. Mama alikuwa nyuma ya mlango na alituhadithia mwenyewe. Baba akacheka pia, akainywa yote hivyohivyo, na siku mbili baadaye akawa anasema kwa kithembe. Binti akapewa. Lakini kwa mjomba alibaki yule mtu anayepuliza.

Azimio lilipotangazwa, shamba likawa mali ya umma, meneja akafungasha. Bibi yake aligawa vitu barazani, mapazia, birika, viti, na baba akapewa jagi. Alilileta limefungwa kwenye gazeti. Mama akalizungushazungusha mkononi, akauliza linapikaje. Baba akamweleza. "Kwa hiyo chai inanywewa imekufa?" mama akauliza, na jagi likaingia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, juu yake nguo za kanisani. Tukahamia hapa pembeni ya mji wa Same, baba akapata kazi ya kupikia wanafunzi wa bweni. Alipika ugali kwenye masufuria makubwa ya kutosha kuogea mtoto, na hakulalamika, ingawa nadhani mikono yake iliyazoea mapishi mengine.

Miaka ikaenda. Nimeshamaliza la saba, nipo nyumbani, wadogo zangu wako shuleni, mama akaanza kuacha makande.

Mpare kuacha makande si jambo dogo, na sisi tulimtania. Tulimwambia amekuwa mtu wa mjini. Alisema mahindi yanamkwama. Kisha ugali ukamkwama. Alikuwa anashushia kila tonge kwa maji, halafu akawa anakaa na sahani mpaka sote tumalize, akasema ameshiba. Nguo zikaanza kumpwaya. Tukaenda hospitali, na mganga, kijana mpole, akamwuliza maswali mengi, moja likiwa kama amezoea kunywa vitu vya moto sana tangu utotoni. Mama akajiweka sawa kwenye kiti. "Kwetu hatunywi chai baridi," akasema, kwa fahari, kama mtu aliyeulizwa kama kwao walikuwa wanaoga. Yule kijana akaandika. Tukatumwa hospitali kubwa, tukaenda kwa basi, na huko walimtazama koo, wakamwita baba pembeni, wakamwambia tumechelewa.

Baba alitueleza watoto jioni, akiwa amesimama. Alisema kuna kitu kimeota kwenye njia ya chakula, hakitoki, na kazi yetu sasa ni moja tu, kuona kwamba kuna kitu kinachopita. Mama hakupaswa kufa na njaa, hakupaswa kufa na kiu. Hilo alilisema mara mbili. Hakulia mbele yetu na mimi nilimkasirikia kwa kutolia.

Uji ulipita kwa siku kadhaa, mwepesi, ukachujwa kwa kitambaa. Lakini uji tulimpa wa moto, na chai tulimpa ya moto, kwa kuwa hakuna aliyewaza vinginevyo, na yeye mwenyewe angedhani tumemchoka. Kila funda lilimpasua. Alifumba macho, akashika ukingo wa kitanda, akameza, na machozi yakatoka bila sauti. Ukiiacha ipoe anakutuma uirudishe motoni. Mchana mmoja wa jua kali alikuwa hajapitisha kitu tangu alfajiri, kikombe kimekaa mikononi mwake, baba akaingia kutoka kazini, akamtazama muda. Akapiga magoti, akalivuta sanduku, akatoa nguo za kanisani moja moja akaziweka kitandani, akatoa jagi.

Nilidhani amechanganyikiwa. Aliliosha mara tatu. Majani ya chai yalikuwa ya kupanga foleni duka la ushirika, na sukari ndiyo usiseme, lakini alitia majani yote tuliyokuwa nayo, akakamua ndimu, akalivika jagi gunia bichi, akalitundika chini ya paa upande wa upepo. Akakaa chini yake kwenye kigoda, mikono magotini, jua likamsogelea miguuni yeye hakuhama. Ilipoiva akaimimina kwenye glasi, akaweka kitambaa begani, akaingia ndani, akainama.

Mama akaelewa. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona. "Mpishi, umechelewa," akasema. Akajaribu kidogo, kwa woga, akangoja uchungu uje. Haukuja. Akanywa tena. Akamaliza glasi nzima, akatutupia sote jicho, mmoja baada ya mwingine, na baba ndipo akatoka nje haraka na tukamsikia akilia kule nyuma ya choo.

Basi hiyo ikawa chakula chake. Baba akaongeza maziwa siku nyingine, akaongeza asali tulipoipata, maji ya matunda yaliyochujwa, yote baridi, yote kwenye jagi. Mama akapata nguvu ya kukaa nje asubuhi. Akaanza kunifokea tena kuhusu vyombo, nikafurahi sana kufokewa. Lakini aliona aibu. Wageni wakibisha hodi, aliisukuma glasi chini ya kitanda kwa mguu, nami ilibidi nimletee kikombe cha chai ya moto kama wengine, akakishika kwa mikono miwili, akaongea nao, mvuke ukapanda usoni mwake mpaka ukaisha, wakaondoka, akanirudishia kikombe kimejaa. Aliniambia, "Usimwambie mtu. Watasema baba yako ananinyima moto."

Na ndivyo walivyosema. Balozi wetu wa nyumba kumi, mama mwenye moyo mzuri lakini macho yake hayatulii, aliiona glasi. Akaniuliza ni nini, nikamwambia ni chai. Akaigusa kwa nyuma ya vidole. Akaaga, na siku ya soko wanawake wa mlimani walioshuka na mboga wakapanda na habari: binti yenu kule Same ni mgonjwa wa kitandani na mume anamnywesha chai iliyolala.

Sisi Wapare tunatuhumiwa kupenda kesi, na sitabisha. Mjomba alishuka na wadogo zake wawili. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, akaenda moja kwa moja kulitoa jagi kwenye gunia lake, akaliweka katikati ya chumba, sakafuni, kama kitu kilichoibwa. Wakakaa. Mama alikuwa kitandani nyuma ya pazia, anasikia yote.

"Shemeji," mjomba akasema, "tulikupa mtu mzima. Sasa amelala, sawa, kila mtu huugua. Lakini mgonjwa hupewa cha moto. Hata mbwa aliyezaa anapashiwa uji. Wewe dada yetu unampa kiporo kwenye chombo cha Mzungu. Unataka tuelewe nini?"

Baba alikuwa na maneno machache siku zote na siku ile yalikuwa machache zaidi. Akasema, "Inapita. Ya moto haipiti."

"Haipiti kwa kuwa haipikwi na mtu anayempenda."

Nilimchukia mjomba wangu siku ile, na naisema hapa bila kutafuna maneno. Nikafungua mdomo, nikaanza kueleza jinsi mama anavyoshika ukingo wa kitanda. Akaniinulia mkono, akaniambia wakubwa wanaongea. Baba akanitazama kwa namna ya kuniomba ninyamaze. Alijua hesabu ya chumba kile: wao watatu na mlima mzima nyuma yao, yeye peke yake, na ndugu zake mwisho wa reli. Wakaamua mama aende kwao akauguzwe na mama yake mzazi. Mjomba akaenda kwenye pazia, akamwuliza dada yake kama anataka kwenda kwa mama. Mama akasema ndiyo. Nani angesema hapana kwa mama yake? Baba aliomba jagi liende naye. Mjomba akalisukuma kando kwa kiatu, si kwa nguvu, akasema kule juu hakuna aliyewahi kukosa chai.

Tulipanda kwa lori mpaka barabara ilipogoma, kisha vijana wakambeba kwa machela. Mimi nilifuata kumwuguza. Baba alibaki na wadogo zangu na kazi yake, na aliambiwa ataitwa.

Bibi yangu alitupokea uani. Alikuwa mwanamke mdogo, mgumu, mwenye sauti ndogo, na alimpenda mama yangu kuliko watoto wake wote, alisema hivyo hata mbele yao. Akamlaza chumba cha karibu na meko. Kuni hazikukatika. Kila nilipogeuka bibi alikuwa anapuliza moto, anachemsha maziwa, anaunga chai, anaimimina ikitokota, anaileta mwenyewe kwa mikono miwili, anakaa kitandani kungoja funda la kwanza. Na mama yangu, akiwa kwa mama yake, katika nyumba ile, alikunywa. Hakukataa hata mara moja. Aliiweka mdomoni, akaishikilia, akameza na uso ukakunjamana, akatabasamu. Bibi aliposhukuru Mungu na kurudi jikoni, mama aliitema iliyobaki kwenye khanga yangu. Nilikuwa nafua khanga mfereji wa chini ili bibi asione.

Akaanza kukauka. Midomo ilipasuka. Na pale nje, hatua chache, mfereji ulikuwa unapita na maji ya msituni yenye baridi ya kuuma meno. Nilimletea maji hayo kwa siri kwenye kiganja na kwenye kikombe, lakini maji matupu yalikuwa yanamrudi puani, na chai sikuweza kuipoza jikoni kwa bibi bila kuonekana. Nilimweleza mjomba. Nilimfuata shambani, nikamwambia kwa heshima zote, shikamoo mjomba, naomba unisikilize, mama hamezi. Akaniambia nimelelewa na mtu wa kuja na sijui ugonjwa. Basi nikamvizia dereva wa lori la mbao, nikamwambia akifika Same aulize mpishi wa bweni, ampe maneno haya tu: njoo na jagi.

Baba alifika siku ya tatu tangu nimtume dereva, kwa miguu kutoka barabarani, jagi likiwa ndani ya tenga, limefungwa nguo za kanisani za mama. Vumbi mpaka kwenye kope. Hakuitwa, na kuja bila kuitwa kulikuwa kosa. Kosa la pili lingekuwa kuingia jikoni kwa mkwewe. Hilo mkwe wa kiume halifanyi hata nyumba ikiungua. Kwa hiyo alisimama uani, katikati, mbele ya mjomba na majirani waliokuwa wamekuja kumwona mgonjwa, akaweka tenga chini, akasalimu wote. Kisha akamwambia bibi, macho yake yakiwa ardhini kama inavyotakiwa, "Mama, naomba maji."

Mjomba akasema kitu kwa Chasu, Kipare chetu, ambacho sitakiandika. Bibi alikuwa anatazama zile nguo za kanisani zinavyofunguliwa na jagi linavyotoka, safi, halina hata alama ya kidole. Akamwuliza baba, "Hii ndiyo aliyokuwa anakunywa?"

"Ndiyo, mama."

"Anaimaliza?"

"Anaimaliza."

Bibi akanigeukia. Akaniuliza na mimi, je, ya kwake anaimaliza? Nikaenda nikaleta khanga zilizokuwa bado na madoa ya maziwa, nikazishika mbele yake. Alizitazama kwa muda. Mtu mdogo yule akaonekana mdogo zaidi. Kisha akaingia ndani akatoka na maji yaliyochemka yakapoa, akampa baba, akakaa chini kwenye majani na kumtazama anavyofanya, kibomba, majani ya chai, mfuniko. Kule hakukuwa na haja ya gunia. Baba alilizamisha jagi shingoni kwenye mfereji, akaliegemezea mawe mawili, maji ya msituni yakalizunguka. Watu wote uani walikaa kuangalia chai inayopikwa kwa maji baridi.

Ilipokuwa tayari, bibi ndiye aliyeipeleka. Baba alibaki kizingitini na kitambaa begani. Mama akaigusa glasi, akajua kabla hajaonja. Akatafuta kwa macho mlangoni. "Mpishi," akasema, na sentensi yote haikutoka, lakini nilijua inavyomalizika, baba naye alijua, akainama. Mama akanywa. Bibi akasikia koo la binti yake likipitisha, glu, glu, bila maumivu, akaziba mdomo kwa khanga akalia, akiilaumu mikono yake mwenyewe.

Mama aliishi mpaka maharage yalipovunwa. Hakuwahi tena kuwa na kiu. Baba alikaa huko juu wakati wote huo, kazi ya bweni akaipoteza, na kila asubuhi alishuka mfereji na jagi. Mama alipofariki, asubuhi yenye ukungu mwingi, midomo yake ilikuwa laini. Ni jambo dogo la kushukuru lakini nilishukuru.

Kwenye matanga watu walipewa chai ya moto kwa masufuria, kama inavyopaswa. Mjomba alimzika dada yake vizuri, alikuwa mtu wa kazi, na alimpa baba mkono kaburini. Neno la samahani hakulisema. Tuliposhuka Same na jagi ndani ya tenga, nilimwambia baba kwamba mimi kule sitarudi. Akasema nitarudi, kuna bibi. Nikarudi kwa ajili ya bibi, hadi naye alipoondoka, na mjomba nilimwamkia kwa kuwa nililelewa, nikampita.

Miaka mingi baadaye, baba ameshakuwa mzee, nipo naye hapa hapa ninapoandika, mchana mmoja wa kiangazi tukasikia hodi. Ni mjomba. Peke yake, koti limemwelea mabegani, shati limefungwa kifungo cha juu na bado shingo inacheza ndani. Shikamoo, marahaba. Nikawasha jiko, maana kwa mtu yule singethubutu vinginevyo, nikapika chai ya maziwa, nikaimimina ikitokota, nikaiweka mbele yake, nikakaa kungoja funda la kwanza.

Aliishika kwa mikono miwili. Akauliza habari za wadogo zangu. Akaeleza habari za mvua, za kahawa, za daraja lililobomoka. Mvuke ulimpanda usoni. Akaongea mpaka ukapungua, mpaka ukaisha, na utando wa maziwa ukaganda juu. Yule mtu asiyepuliza. Baba hakuwa akisikiliza habari za daraja, alikuwa anaitazama ile chai.

Mjomba akakiweka kikombe chini kimejaa. Akapangusa mdomo uliokuwa mkavu.

"Shemeji," akasema, "lile jagi bado lipo?"

Baba aliinuka kwa kushika ukuta, akapita karibu nami, akaniambia niloweshe gunia.